Mfupa Unaoshika Jino: Historia ya Taya kutoka Olduvai hadi Geita

Jino halikai ndani ya taya kwa nguvu zake lenyewe. Linakaa kwa sababu mfupa umelipokea, na siku linapong'oka, mfupa ule nao huanza kusinyaa. Kanuni hii haikubuniwa na chuo chochote. Ilikuwapo kabla binadamu hajajua kusoma wala kuandika. Hata hivyo, ilichukua karne nyingi kueleweka, na ni katika miongo michache tu iliyopita ndipo ilipoanza kupimwa kwa milimita. Leo daktari wa meno anapoamua skrubu ya titani ya kubebea jino bandia, yaani kipandikizi, izame kina gani ndani ya taya la mgonjwa aliyetoka Kahama au Katoro, uamuzi wake una nyuma yake historia ndefu, iliyopitia makaburi ya kale, migodi ya dhahabu, visima vya maji na maabara za Uswidi. Historia hiyo, ikifuatwa enzi kwa enzi, ndiyo inayoeleza kwa nini milimita moja au mbili zimekuwa na uzito mkubwa namna hii.

Ushahidi wa kale kabisa uko hapa hapa Tanzania. Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona meno makubwa yakichungulia kwenye udongo, yakiwa bado yameshikwa na mfupa wa taya la juu. Fuvu lile, lililopewa jina la Zinjanthropus, lina umri wa takribani miaka milioni 1.75. Meno hudumu muda wote huo kwa sababu enameli ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Kwa mtu aliye hai, kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna utando wa nyuzi usiofika hata nusu milimita kwa unene. Utando huo hupokea uzito wa kutafuna, na msukumo wake ndio unaoufanya mfupa uendelee kujijenga. Jino likitoka, utando hufa, na mfupa uliokuwa ukiutegemea hunyonywa na mwili. Katika mwaka mmoja baada ya kung'olewa jino, ukingo wa taya mahali pale hupungua unene kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea ndani ya miezi mitatu ya mwanzo.

Watu wa kale hawakuwa na vipimo hivyo, lakini pengo waliliona na walitamani kuliziba. Waetruski wa Italia, karne kadhaa kabla ya Kristo, walishikiza meno ya bandia kwa mikanda ya dhahabu iliyofungwa kwenye meno jirani. Wamaya wa Amerika ya Kati walithubutu zaidi. Mwaka 1931, katika bonde la mto Ulúa nchini Honduras, kilifukuliwa kipande cha taya la chini la mwaka 600 hivi baada ya Kristo, kikiwa na vipande vitatu vya gamba la kombe vilivyochongwa mithili ya meno na kupachikwa mahali pa meno ya mbele. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani ni mapambo ya maiti. Ilipofika mwaka 1970, picha za eksirei zilionyesha kwamba mfupa ulikuwa umeota kuzunguka vipande hivyo. Mwenye taya alikuwa hai alipowekewa.

Katika nchi za Wasukuma na Wanyamwezi, kusini mwa Ziwa Viktoria, jino halikurudishwa. Lilitunzwa, lilipambwa, au liling'olewa. Kinywa kilisafishwa kwa mswaki wa kijiti. Wasafiri wa Kizungu waliopita Unyamwezi katikati ya karne ya 19 waliandika kuhusu desturi ya kuchonga meno ya mbele ya juu ili kuacha upenyo kati yake. Jino lililouma lilitibiwa kwa dawa za mizizi, na likishindikana likang'olewa. Huko Ulaya, dhahabu ilikuwa imeanza kujaribiwa ndani ya mfupa wenyewe. Mwaka 1809 Maggiolo, daktari wa meno mzaliwa wa Italia aliyefanya kazi Ufaransa, alichapisha maelezo ya mzizi wa dhahabu uliopachikwa kwenye tundu la jino lililotoka kung'olewa, ukaachwa upone kabla ya kuvikwa taji. Fizi zilivimba na kuuma. Dhahabu haishiki kutu, lakini mfupa haukuiambata.

Mwisho wa karne ile ulileta mambo mawili yaliyotokea mbali moja na jingine, na kila moja likawa na matokeo makubwa. Novemba 1895 Wilhelm Röntgen aligundua eksirei huko Würzburg, na mapema mwaka 1896 Otto Walkhoff akapiga picha ya meno yake mwenyewe kwa kukaa mbele ya mashine kwa dakika 25. Kwa mara ya kwanza mfupa unaozunguka jino ulionekana bila kupasua nyama. Mwaka 1898, katika koloni lao la Afrika Mashariki, Wajerumani walibaini dhahabu Geita. Sayansi ya kuutazama mfupa na biashara ya kuchimba mwamba zilianza karibu wakati mmoja, chini ya bendera moja, ila mafanikio ya sayansi ile hayakuwafikia watu wa ardhi iliyochimbwa.

Chini ya Waingereza, ukanda huu ukawa nchi ya migodi. Mgodi wa Geita ulizalisha kuanzia 1936 hadi 1966, ukatoa dhahabu inayokaribia wakia milioni moja, na ukawa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu ya Afrika Mashariki wakati huo. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua mwamba wa almasi Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga. Madini yote mawili yalikuwa na kazi kinywani. Dhahabu ilikuwa kipimo cha juu cha kuziba na kuvika meno. Almasi nayo, tangu Drendel wa Ujerumani alipofanikiwa kugandisha chembe zake kwenye ncha za chuma mwaka 1932, ikawa makali ya kusagia jino. Kwa mchimbaji wa kawaida, huduma ya meno iliendelea kuwa koleo. Huko Marekani, Greenfield alikuwa ameeleza kikapu cha platini na iridi cha kuzamishwa tayani mwaka 1913, na mwaka 1939 Strock wa Boston akaeleza skrubu ya aloi ya kobalti na kromi. Baadhi ya vifaa hivyo vilidumu miaka kadhaa. Vingi vilizungukwa na kovu laini badala ya mfupa, vikalegea, vikatolewa.

Jibu lilipatikana kwa bahati. Mwaka 1952, katika mji wa Lund, Per-Ingvar Brånemark alipachika vijumba vya titani kwenye mifupa ya miguu ya sungura ili kuchunguza mzunguko wa damu kwa darubini. Alipotaka kuvitoa vitumike tena, havikutoka. Mfupa ulikuwa umeishika titani moja kwa moja, bila kovu katikati. Mwaka 1965 alimwekea binadamu wa kwanza skrubu za aina hiyo, mtu aliyezaliwa na kasoro za taya, naye akazitumia kwa takribani miaka 40 hadi kufa kwake. Wenzake hawakumwamini kwa urahisi. Ilibidi takwimu za wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka 15 zichapishwe mwaka 1981, na mkutano wa Toronto ufanyike mwaka 1982, ndipo vyuo vya Marekani na Kanada vikakubali kwamba mfupa ulio hai unaweza kushikamana na chuma kwa kudumu.

Wakati Uswidi ikijifunza namna mfupa unavyoipokea titani, Tanzania iliyotoka kupata uhuru ilikuwa na swali la kutangulia: mfupa wenyewe unajengwa kwa maji gani? Tangu mwaka 1931 ilikuwa imejulikana kwamba madoa ya kahawia kwenye meno ya watu wa Colorado, Marekani, yalisababishwa na floridi iliyozidi katika maji ya kunywa. Mwaka 1964 Grech na Latham walichapisha uchunguzi wao juu ya ugonjwa huo kaskazini mwa Tanganyika. Shinyanga, pamoja na Arusha, Kilimanjaro na Singida, imo katika orodha ya mikoa yenye floridi nyingi ardhini. Kiasi kidogo hulilinda jino. Kikizidi wakati meno ya mtoto yanatengenezwa, enameli hutoka na mabaka, hubadilika rangi, na wakati mwingine humeguka. Kikizidi kwa miaka mingi, hufika kwenye mifupa, ikawa mizito kwenye picha lakini myepesi kuvunjika. Mwaka 1974 taifa lilijiwekea kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini, kwa kuwa kiwango kikali zaidi kingefunga vyanzo vingi vya maji pasipo kuwa na mbadala. Shirika la Afya Duniani likapendekeza miligramu 1.5 mwaka 1984. Tofauti ya namba hizo mbili iliishi midomoni mwa kizazi kizima.

Kipindi cha 1979 hadi 1994 kilikuwa cha kujenga wataalamu. Mafunzo ya udaktari wa meno yalianzishwa Muhimbili mwaka 1979, na katikati ya miaka ya 1980 Jo Frencken na wenzake wa chuo hicho walianza kujaribu njia ya kutibu jino vijijini bila umeme wala mashine: uozo unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu linazibwa kwa saruji ya meno inayoshikamana na jino na kutoa floridi. Njia hiyo iliyozaliwa Tanzania ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, na sasa inatumika katika nchi nyingi. Thamani yake kwa taya ni kubwa, kwani jino lililozibwa halikung'olewa, na mfupa wake ukabaki. Lakini miaka ile ile ilienea imani ya "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Mtoto mchanga aliyepata homa na kuharisha aliaminika kuwa na meno mabaya chini ya ufizi, na machipukizi ya machonge yake yakakwanguliwa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Waliopona walikua na mapengo, au na machonge yaliyopinda, katika taya lililojeruhiwa kabla halijakomaa.

Huko Ulaya, titani ilipokwisha kukubalika, mjadala ulihamia kwenye kina. Shule mbili zilisimama. Ya Uswidi ilizamisha skrubu hadi ikalingana na ukingo wa mfupa, ikafukiwa kwa ufizi miezi mitatu katika taya la chini au sita katika taya la juu, kisha ufizi ukafunguliwa na kiungo cha kubebea taji kikafungwa. Ya Uswisi, iliyoongozwa na André Schroeder wa Bern tangu miaka ya 1970, iliacha shingo laini ya chuma itokeze juu ya ufizi tangu siku ya kwanza, hivyo maungio ya skrubu na kiungo yakawa juu ya mfupa. Vipandikizi vya Uswidi vilipoteza wastani wa milimita 1.5 za mfupa katika mwaka wa kwanza, kisha kama milimita 0.1 kila mwaka. Upotevu huo ukahesabiwa kuwa wa kawaida: mwaka 1986 Albrektsson na wenzake waliandika kwamba kipandikizi kimefaulu ikiwa, baada ya mwaka wa kwanza, mfupa unapungua chini ya milimita 0.2 kwa mwaka.

Sababu ya upotevu ule wa mwanzo ilitafutwa kwa subira. Mwaka 1961 Gargiulo na wenzake walikuwa wamepima meno ya asili wakakuta kwamba juu ya mfupa, ufizi hushikamana na jino kwa upana wa wastani wa milimita 2.04. Huo ndio muhuri unaozuia vijidudu vya kinywani visiingie mwilini. Berglundh na Lindhe walionyesha mwaka 1996, kwa majaribio ya mbwa, kwamba kipandikizi nacho hutengenezewa muhuri wa aina hiyo, na ufizi ukiwa mwembamba mno, mwili huula mfupa ili upate nafasi ya kuujenga. Mwaka uliofuata, Hermann, Cochran, Buser na wenzao waliweka vipandikizi kwa vina mbalimbali katika mataya ya mbwa. Popote pale maungio ya vipande viwili yalipokaa, mfupa ulirudi nyuma hadi kama milimita mbili chini yake. Mwanya wa maungio hayo, usioonekana kwa macho, ulihifadhi bakteria, na mfupa ukajitenga nao. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba kina cha kipandikizi hupanga mahali ambapo mfupa utasimama.

Ukanda wa dhahabu nao ulikuwa ukibadilika. Sheria ya Madini ya 1998 ilifungua mlango kwa makampuni makubwa: mgodi wa Geita ulizinduliwa upya mwaka 2000, Bulyanhulu ukaanza 2001, Buzwagi 2009. Pembeni mwa uzio waliendelea wachimbaji wadogo, wakitimba maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, kwa nyundo na moko, wakisaga mawe kwenye mashine za karasha na kuyachenjua mwaloni, mahali pa kuoshea, kwa zebaki. Mchanga uliosagwa huoshwa, zebaki hushika chembe za dhahabu, kisha donge linalong'aa huwekwa juu ya moto, mara nyingi uani, na moshi wake hauna rangi ya kumtahadharisha mtu. Katika mradi wa Umoja wa Mataifa ulioifikia Rwamagasa, Geita, kati ya 2002 na 2007, baadhi ya wachomaji walikutwa na dalili za sumu hiyo. Vitabu vya tiba vinajua tangu zamani kwamba zebaki nyingi huvimbisha fizi, hujaza mate na hulegeza meno. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, mkataba unaohusu pia vizibio vya meno vyenye zebaki. Katika maji habari zilikuwa njema zaidi. Mwaka 2009 ulizinduliwa mradi unaoyatoa maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga, na watu wengi wakaachana na visima. Kwa mtoto aliyezaliwa mjini Shinyanga baada ya hapo, bomba lile limeyafanyia meno na mifupa yake kazi ambayo hakuna kliniki ingeweza kuifanya.

Milenia mpya iliunoa pia ujuzi wa kina. Tangu 1991 kampuni moja ya Marekani ilikuwa ikiuza vipandikizi vipana kabla haijatengeneza viungo vya upana huohuo, hivyo madaktari wakafunga viungo vyembamba juu yake. Miaka ilipopita, picha zilionyesha kwamba mfupa haukushuka kama ilivyotarajiwa, kwani maungio yalikuwa yamesogezwa ndani, mbali na ukingo. Lazzara na Porter walilieleza hilo mwaka 2006. Mwaka 2009 Linkevicius wa Lithuania alithibitisha kwa wagonjwa kwamba ufizi wenye unene wa milimita mbili au pungufu huleta upotevu mkubwa wa mfupa, hata maungio yakiwa juu ya ukingo. Kuanzia hapo swali la kina liliulizwa pamoja na mengine mawili: maungio ni ya aina gani, na ufizi una unene gani?

Hapo ndipo tulipofika. Kazi yenyewe huanza kwa picha, kupima urefu na unene wa mfupa. Katika taya la chini huachwa angalau milimita mbili juu ya mshipa wa fahamu wa mdomo na kidevu. Katika taya la juu, nyuma, uwazi wa hewa wa shavuni huweka mpaka wake. Keekee huzunguka huku maji baridi ya chumvi yakimwagika mfululizo, kwa sababu mfupa uliopashwa hadi nyuzi 47 kwa dakika moja huumia, kama Eriksson na Albrektsson walivyoonyesha mwaka 1983. Kipandikizi kikiwekwa juu mno, ufizi hukosa nafasi ya muhuri, nyuzi za skrubu zinaweza kubaki wazi, na chuma huonekana mtu anapocheka. Chenye maungio bapa kikizamishwa, mfupa hushuka kukifuata. Chenye maungio ya koni yaliyobana na kiungo chembamba kinaweza kuzama milimita moja au mbili chini ya ukingo, hasa penye ufizi mwembamba, na mfupa ukabaki begani mwake. Lakini kila milimita ya ziada hurefusha mfuko wa ufizi, na mfuko mrefu huwapa hifadhi bakteria wasiopenda hewa, mahali ambapo mswaki haufiki. Mtimba duara wa Nyarugusu, Geita, anaijua kanuni hii kwa njia yake: kina hakina maana mpaka ujue mwamba wa pembeni ni wa namna gani.

Mwendo huu wa karne nyingi umebadilisha vifaa vyote: dhahabu ikaachia platini, platini ikaachia kobalti, kobalti ikaachia titani. Kanuni haikubadilika. Mfupa ndio unaoamua, nao huanza kuamua mapema, katika maji anayokunywa mtoto, katika machipukizi ya meno ambayo hayakupaswa kuguswa, katika moshi wa zebaki uani, na katika jino lililong'olewa ilhali lingeweza kuzibwa. Wagonjwa wengi wa ukanda huu hufika kwa daktari wakiwa na pengo la miaka kumi au zaidi, na hapo mjadala wa milimita moja ya kina huwa umepitwa, kwa kuwa mfupa wa kuzamishia haupo. Kwa hiyo wajibu umegawanyika. Serikali na halmashauri zipeleke maji salama na mtaalamu wa kuziba meno hadi kituo cha afya cha kata. Mgonjwa anayeambiwa jino ling'olewe aulize kwanza kama linaweza kuzibwa. Na anayetaka kipandikizi amuulize daktari wake mambo matatu kabla ya ganzi: mfupa wangu una kimo na unene gani, ufizi wangu una milimita ngapi, na maungio yatakaa wapi. Daktari asiyeweza kuyajibu bado hajafika wakati wa kushika keekee.